Rahab Aliyekataa Kumaliza Kuungama

Katika ushirika wa Alhamisi, kule mashambani Subukia, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kila aliyeokoka aliijua kuliko alivyoijua namba ya kipande chake cha utambulisho: dhambi unayoiweka nuruni ni yako mwenyewe. Ukiiba, sema umeiba. Ukimtukana mumeo, sema umemtukana. Lakini ukianza kuingiza jina la mwingine, ndugu hawakukemei. Wanakuimbia. Mmoja anaanzisha pambio, wengine wanapokea, makofi yanapigwa, na wewe unabaki umesimama mdomo wazi mpaka ukumbuke kuketi.

Mzee Kosgei, mchunga ng'ombe, aliwahi kuimbiwa hivyo. Alisimama akaungama kwamba wakati wa kuvuna alichukua mahindi ya bwana, yule mzungu mwenye shamba aliyeitwa Kifimbo, debe zima. Watu wakamsifu Mungu. Kisha akaongeza, "Na huyu mama yenu Cheptoo ndiye aliyeyapika, tena alisema mwaka huu bwana ana mahindi matamu..." Hakufika mbali. Aliimbiwa beti nne, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni mkewe.

Rahab alilicheka jambo hilo wiki nzima. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, na mambo ya kuchekesha yalikuwa machache.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mumewe, Hiram Gachanja, aliendesha maksai wa shamba. Yeye mwenyewe alichuma pareto na mtoto wao, Micah wa miezi minane, akiwa mgongoni. Alichuma kwa mikono miwili bila kuyatazama maua, kwa hiyo macho yake yalikuwa huru, na kwa macho hayo aliona mengi ambayo hakuyasema. Aliona watu walivyoacha kusalimiana kwa majina. Aliona mzee mmoja akiichoma picha aliyopiga pamoja na rafiki yake, kwa kuwa rafiki alikuwa ametoweka. Serikali ilitangaza hali ya hatari mwaka uliotangulia, na tangu hapo Mkikuyu yeyote pale shambani alikuwa mtu wa kutiliwa shaka na pande zote mbili. Hawa, wa msituni, walisema, kula kiapo uwe wetu. Wale, wa serikali, walisema, taja waliokula uwe wetu. Waliookoka walijaribu kusimama katikati, na huko katikati hakukuwa na hata kivuli cha mti.

Rahab alikuwa akisema waziwazi kwamba ameshakinywea kikombe cha Bwana na hana nafasi ya kingine. Alilisema hilo kisimani, alilisema shambani. Labda alilisema mno.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, jirani yake Wawira alimjia mbio, kitambaa kikimning'inia begani. "Mama Micah, njoo banda la pareto. Mtoto wangu ameanguka."

Rahab hakuuliza. Kwa Wawira asingeuliza kitu. Micah alipokuwa na mwezi mmoja, Rahab alishikwa na jipu titini, homa ikampanda hata asijue mchana wala usiku, na Wawira, aliyekuwa ananyonyesha wake, alimnyonyesha na Micah. Siku kumi na saba. Alimbeba katika kitambaa kilekile alichombebea wake, kitambaa cha rangi ya udongo chenye kiraka cha bluu.

Katika banda hakukuwa na mtoto aliyeanguka. Kulikuwa na wanawake watano na wanaume wawili ambao hakuwahi kuwaona, na mlango ulifungwa nyuma yake. Alisema hapana. Alisema tena hapana. Ndipo mmoja wa wale wanaume akamchukua Micah mikononi mwake. Hakutisha, hakutukana. Alisimama naye tu pale kwenye vitanda vya waya vya kukaushia maua, ambapo chini yake makaa yalikuwa yakiwaka, akawa anamtazama Rahab kama mtu anayesubiri chai.

Rahab aliyasema maneno yote aliyoambiwa ayaseme. Alikula alichopewa. Yule mtu akamrudishia mtoto kwa upole, kama anayerudisha jembe la kuazima.

Alikaa na jambo hilo moyoni Alhamisi nne. Ya tano akasimama.

"Nilikula kiapo," alisema. "Niliogopa kwa ajili ya mtoto. Niliwaogopa watu kuliko Mungu. Naiweka nuruni, naomba nioshwe."

Hakusema ni wapi wala ni nani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Watu waliimba, si ule wimbo wa kumkalisha mtu bali wa kumpokea, na Cheptanui, mkamuaji wa ng'ombe, alimkumbatia hata Micah akalia kwa kubanwa. Kiongozi wa ushirika, ndugu Naftaly, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka. Naftaly alikuwa pia nyapara wa shamba. Alikuwa na kofia ya kaki aliyopewa na bwana, na kila Alhamisi baada ya kazi aliivua, akaitundika msumarini mlangoni, akawa ndugu.

Jumatatu, Rahab alipofika kwenye mizani na debe lake kichwani, Naftaly alikuwa ameivaa.

"Dada Rahab," alisema kwa sauti ya chini, "bwana amefurahi sana."

"Amefurahia nini?"

"Ushuhuda wako."

Rahab alilitua debe polepole ili maua yasimwagike.

"Umemwambia?"

"Kwa faida yako. Ijumaa ya wiki hii wanakuja watu wa kuchuja waliokula kiapo, kutoka Nakuru. Nilitaka usiguswe. Nikamwambia bwana, huyu amekwisha kutubu, huyu ni wetu. Ameuliza jambo dogo tu. Alikuwa na nani."

"Nilimwambia Mungu mbele ya ndugu. Bwana Kifimbo si ndugu. Hata benchi hajawahi kutuazima."

"Watoto wa nuru hawana siri, dada."

"Nani alikutuma uichukue nuru yangu uipeleke kwenye veranda ya mzungu?"

Waliokuwa kwenye foleni walianza kugeuka. Naftaly alitabasamu kama anayezungumza habari za uzito wa maua.

"Kuungama nusu si kuungama," alisema. "Kumbuka Akani katika kitabu cha Yoshua. Alificha vitu chini ya hema yake, akaangamia na nyumba yake nzima, hata punda."

"Nimekisoma. Kitabu hichohicho, sura ya pili, kuna mwanamke wa jina langu. Alificha watu darini. Sikuona mahali Mungu alipomwuliza walikuwa wangapi."

Alilisukuma debe kwenye mizani kwa mguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akaondoka bila kungoja kusomewa uzito.

Hasira ile alitembea nayo mpaka nyumbani. Hakuwa ameizoea. Alikuwa mtu wa kulia, si mtu wa kukasirika, na alijikuta hajui mahali pa kuiweka, kama aliyeletewa ng'ombe naye hana zizi. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alimnyonyesha Micah, na mtoto akaliachia titi akamtazama usoni, kisha akalirudia.

Hiram aliporudi kutoka kwa maksai alikuwa amekwisha kusikia. Yeye hakuwa wa ushirika. Alipenda kusema kwamba katika nyumba yake aliyeokoka ni mmoja na aliyebaki ni wa kuchanja kuni.

"Mama Micah," alisema, "Mungu si kiziwi. Ungemnong'onezea."

"Nilitakiwa kuiweka nuruni."

"Sasa iko nuruni. Kifimbo anaiona kutoka kwake, hata miwani hahitaji." Aliketi akavua viatu vya matairi. "Viazi vyetu vimeanza maua. Wakitufukuza hapa, huko rizavu walikotutengea Wakikuyu, kwa baba, kuna watu kumi na wanne katika nyumba mbili, na shamba la kulala kuku. Unataka tukalale wapi? Mtaje huyo Wawira. Yeye si ndiye aliyekuuza?"

"Aliniuza."

"Basi."

"Alimnyonyesha mtoto wako."

"Na akampeleka mtoto wangu kwenye makaa." Hiram hakupandisha sauti. "Ukipima hizo mbili, ipi nzito? Wewe ndiye uliyesoma."

Rahab alikuwa amezipima hizo mbili tangu mwezi wa pili na kila siku mizani ilisimama mahali tofauti.

Jumatano alikutana na Wawira mtoni. Wawira alijitwisha mtungi, akautua tena. Mume wake alichukuliwa na askari mwanzo wa mwaka na hakuna aliyejua alipopelekwa. Alikuwa amebaki na watoto watatu na ulimi mkali.

"Ninyi waliookoka," alisema, "midomo yenu haina komeo. Upepo ukivuma kidogo, wazi."

"Wako ulisema mtoto ameanguka."

"Niliambiwa nilete mmoja. Ningemleta nani, Kifimbo?"

"Walimshika Micah juu ya moto."

"Niliona. Nilikuwa pale." Wawira aliuangalia mtungi wake. "Mimi walimshika wa kwangu wiki moja kabla. Sasa wewe ukalie, mimi nikalie, maji haya yatajaa chumvi." Kisha ule ukali ukamtoka ghafla, akaonekana mtu aliyekonda tu. "Utanitaja?"

"Sijui," alisema Rahab.

Na hapo akaiona. Aliiona hofu katika macho ya Wawira, hofu nzima, ya mama wa watoto watatu, na yeye Rahab aliyekuwa ameishika mkononi alisikia utamu. Kidogo tu, kama kuonja asali kwenye kidole. Hakuongeza neno. Aliinua mtungi wake akapanda kilima, akimwacha mwenzake bila jibu kwa makusudi, na alipofika nusu ya njia akautua. Alikuwa amemtazama Wawira kama yule mtu kwenye banda alivyomtazama yeye. Alikuwa amemshika mtu juu ya makaa, akasubiri.

Aliketi njiani palepale akalia, na hasira yake juu ya Naftaly ikazidi, maana ni Naftaly aliyemwekea kitu hicho mkononi.

Alhamisi jioni watu walipofika kwenye ushirika walikuta makreti mawili yamepangwa mbele. Kwenye moja aliketi Bwana Kifimbo mwenyewe, fimbo yake magotini, na kwenye la pili karani mgeni mwenye daftari. Naftaly alikuwa amesimama kati yao. Kofia yake haikuwa msumarini. Alikuwa ameikunja na kuishika mkononi, na Rahab aliiona, na kila mtu aliiona.

Hakukuwa na wimbo wa kufungulia. Naftaly alisema tu, "Dada yetu ana jambo la kumalizia," kama mwalimu anayemwita mtoto ubaoni.

Rahab alisimama. Micah alikuwa amelala mgongoni na pumzi yake ilimgusa shingoni. Alitambua kwamba atakalojibu hapa, Hiram ndiye angelilipia kwa viazi na maksai na nyumba, na mtoto huyu angelilipia kwa asichokijua. Alilitambua vizuri kabisa.

"Nina dhambi moja mpya," alisema. "Jana kuna mtu aliniogopa, nami nikafurahi. Naiweka chini. Hiyo ndiyo yangu. Nyingine sina."

Akaketi.

Watu hawakujua kama waimbe wimbo wa kumpokea, kwa sababu ya yale makreti. Karani aliandika kitu kisha akakikata.

"Dada hajamaliza," alisema Naftaly. "Ni udhaifu, na sisi ni ndugu, tumsaidie. Rahab, inasemekana siku ile kuna mama alionekana akikujia mbio, je, hakuwa..."

Rahab akaanza kuimba.

Aliimba akiwa ameketi, sauti nyembamba, imekauka. Ulikuwa wimbo uleule, aliokalishwa nao mzee Kosgei. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake. Wa pili pia peke yake, na katika ule wa pili aliwaona ndugu zake wote wameinamisha vichwa, kila mmoja akisoma vidole vyake vya miguu.

Ndipo makofi yakapigwa. Yalikuwa ya Cheptanui, na mikono ya mkamuaji si mikono ya kupigia makofi polepole. Cheptanui hakuwa Mkikuyu. Hakuna aliyekuwa anakuja kumchuja Ijumaa. Angeweza kukaa kimya na kwenda kwa ng'ombe wake. Alipokea wimbo kwa lafudhi yake nzito ya Kikipsigis, mdomo umeelekezwa kwa Naftaly moja kwa moja. Kisha mzee Kosgei, aliyeujua wimbo huo kwa kuimbiwa. Kisha mkewe. Kisha nyumba nzima.

Naftaly alingoja beti ziishe. Zilipoisha alifungua mdomo, na Cheptanui akazirudia kutoka mwanzo. Alingoja tena. Alipoinua mkono, waliinuka wote wakiendelea kuimba. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji.

Bwana Kifimbo hakujua desturi. Aliona watu wanamwimbia Mungu, na kwa heshima naye akasimama, akaiweka fimbo kwapani. Baada ya kitambo aliinama kwa nyapara wake akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii kwisha saa ngapi?"

Naftaly angemweleza nini? Kwamba kondoo wake mwenyewe walikuwa wanamwambia anyamaze? Bwana alitazama saa, akatoka, na karani akamfuata na daftari lisilo na jina.

Waliimba mpaka muungurumo wa gari ulipopotea. Hakuna aliyemtazama mwenzake walipokuwa wanatoka.

Ijumaa Rahab aliitwa kwenye meza ya watu wa kuchuja akawapa maneno yaleyale, mpaka mmoja wao akasema mwanamke huyu ama ni mjinga ama ni mjanja, na kwa vyovyote hafai kubaki. Aliyekula kiapo na hataki kutaja hukaa wapi? Rizavu. Jumamosi asubuhi, yeye na mume na mtoto. Wawira aliitwa baada yake, akatoka, akarudi nyumbani kwake, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo bandani aliyelitia jina lake kwenye karatasi.

Hiram aling'oa viazi vichanga, vingine havijapita ukubwa wa gololi. Hakumlaumu, na hilo lilimwumiza Rahab kuliko lawama. Alipokuwa anafunga gunia alisema tu, "Nimesikia mliimba vizuri."

"Vizuri."

"Angalau hilo."

Lori lilisimama karibu na mizani. Wawira hakuja kuaga. Kuja kungekuwa ni kujitaja. Alisimama mlangoni pake, mbali, mtoto kifuani, na hakuinua mkono. Aliyekuja ni Cheptanui, na kibuyu cha maziwa kilichozungushiwa kitambaa ili kisivunjike njiani. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya udongo, chenye kiraka cha bluu.

"Maziwa ni yangu," alisema Cheptanui. "Kitambaa usiniulize."

Rahab alikifungua, akambebea Micah ndani yake, akapanda lori. Hapo ndipo Naftaly alipofika, kofia kifuani, akaomba watu wainamishe vichwa awaombee wasafiri. Ombi lilikuwa refu na zuri. Alimtaja Ibrahimu aliyetoka nchi yake, akaitaja neema. Vichwa vyote vikainama, vya ndani ya lori na vya chini, hata cha askari. Rahab hakuinama wala hakufumba. Alimtazama tangu mwanzo wa ombi hadi amina.

Naftaly alifungua macho akayakuta ya Rahab. Akanyoosha mkono juu kuagana naye.

"Ndugu Naftaly," alisema Rahab, kwa sauti ambayo walio karibu wote waliisikia, "naungama. Ninakuchukia. Tangu Jumatatu ile kwenye mizani. Nimeomba iniondoke, na haijaniondoka. Hiyo ni yangu."

Mkono wa Naftaly ulibaki hewani. Kwa desturi mtu angeanzisha wimbo wa kumpokea dada aliyeungama, na Cheptanui alivuta pumzi kama anayetaka kuanza, kisha akaiachia. Maana desturi ilikuwa na upande wa pili, na kila mtu pale aliujua: ndugu akikuungamia mbele ya watu jambo lililo kati yenu wawili, nawe unaweka lako. Ilikuwa zamu ya Naftaly.

Rahab alingoja. Alikuwa tayari kungoja muda mrefu. Katika kifua chake hasira ilikuwa palepale, haijapungua hata tone, lakini alijua kwamba mtu huyu akisema neno moja la kweli, moja tu, angeshuka kwenye lori hilo mbele ya askari akamshike mkono.

Naftaly alitazama chini. Aliigeuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili, kama anayetafuta kitu kilichoandikwa ndani yake. Midomo yake ilijongea.

Dereva akawasha injini, na Naftaly akavaa kofia yake.